Vigingi vya Bwawa la Preboye

Watu wa kampuni ya mafuta walipopigilia vigingi vinne vyenye tepe nyekundu kuzunguka bwawa la samaki la Preboye, kijiji kizima kilimpongeza. Yeye alitamani kulia. Bwawa hilo mama yake alilichimba kwa mikono, na kambare wake ndio waliomlea yeye na ndugu zake sita. Fidia ingeliwa ikaisha mwaka huohuo. Kambare walikuwa wakizaana tangu enzi za mama yake.

Alfajiri ya Jumanne aling'oa vigingi vyote, akaenda kuvichomeka katika shamba la migomba la shemeji yake Ekiyor, mdogo wa marehemu mumewe, mtu aliyeota utajiri hata akiwa amesimama.

Kufika mchana, Ekiyor alikuwa amefyeka migomba yote mia mbili.

"Shemeji, una wazimu?"

"Nawaandalia nafasi! Wakikuta pako tayari, watageuka waende wapi?"

Kampuni ikisikika inakuja, watu wa huku hupanda miti usiku kucha ili ihesabiwe kwenye fidia. Wa kufyeka alikuwa Ekiyor peke yake.

Alhamisi akaja Osaretin, mtaalamu wa miamba wa kampuni, na kifaa chake cha kuongea na setilaiti. Alivitazama vile vigingi, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hivi ni vijiti tu, jamani. Mafuta hayafuati vijiti. Yako kilomita tatu chini, yamenaswa na mwamba uliojikunja kama sufuria iliyopinduliwa. Na sufuria yenyewe iko chini ya bwawa la mama huyu."

Preboye akasogea mbele. "Kwa hiyo mnalifukia?"

"Tungelifukia, mama. Lakini pale ni tope tupu. Kumwaga mchanga na kujenga barabara ni gharama, na bei ya mafuta mwezi huu imelala chali. Wakubwa wangenifukuza kazi. Hapa kwa mzee ni pakavu, na mto uko hapo, tishari la kubeba mitambo linafika. Tutasimama hapa, tutoboe kimshazari mpaka chini ya bwawa. Kambare hawatasikia hata kikohozi."

Ekiyor akarusha kofia juu. "Si niliwaambia? Haya, tuhesabu fidia. Migomba mia mbili!"

"Iko wapi?"

"Ile pale." Akaonyesha lundo lililonyauka.

"Mzee, tunalipia iliyosimama. Na fidia ya ardhi ni ya ukoo mzima."

Ekiyor akaketi juu ya lundo lake.

Jioni Preboye alimpelekea bakuli la supu ya pilipili yenye kambare wawili wanono. Dhamiri ilikuwa ikimsuta vibaya.

"Shemeji, nisamehe. Vile vigingi nilivihamisha mimi."

"Najua. Nilikuwa nachungulia dirishani."

"Ukaniacha tu?"

"Nikuzuie, na wewe unaniletea utajiri?" Akamung'unya kichwa cha kambare, akatazama shamba lake tupu. "Tena kile cha nne ulikichomeka legelege. Nilitoka nikakigongelea mwenyewe."