Picha za Siku ya Masanduku

...na Uriel bado anaongea, mdomo umejaa andazi, anasema wafadhili wanataka kuona, jamani, wazazi wetu wametoa, wajomba zetu, yule mzee mwenye duka la taa pale barabara ya Corrientes, lazima waone michango yao imekwenda wapi, kwa hiyo Alhamisi tukienda kwa mara ya kwanza kugawa masanduku ya chakula tupige picha, siyo za masanduku, za watu, nyuso ndizo zinazogusa moyo, anasema, na Alhamisi ni keshokutwa, na Alhamisi baba yangu... tulia, Melina, tazama meza, hakuna anayejua, Damián, kiongozi wa kikundi chetu cha vijana wa sinagogi, anauliza wengine mnaonaje, Brenda anasema sawa, ila tuwaombe ruhusa kwanza, na Uriel anacheka, "Watakataaje, Brenda? Si tunawapa chakula?" watakataaje, kweli, baba atakataaje, namwona Alhamisi ile ya kwanza, baada ya duka la vitambaa kufungwa, duka la babu pale mtaa wa Once, alinyoa ndevu, akavaa koti lake la Sabato, akamwambia mdogo wangu anakwenda kumwona mtu kuhusu kazi, akarudi amekumbatia sanduku, ule upande wenye nembo ya msaada kaubana kifuani, na mama akanivuta jikoni, "Meli, haya hayatoki nje ya mlango huu, umenisikia?" nimesikia, mama, nimesikia, nikachukua unga wa sanduku lile lile nikaoka keki ya asali, nikaiuza mlangoni mwa sinagogi kuchangisha hela za masanduku, bibi mmoja akanishika shavu, akasema Mungu akubariki, mwanangu, kwa kuwafikiria maskini, nami nikatabasamu, nilitabasamu kabisa... "Tupige kura basi," anasema Uriel, hapana, ngoja, sema kitu, sema kitu kisichokuhusu, "Lakini si tulisoma," nasema, na sauti yangu nyembamba kama ya mtoto, "si tulisoma kwamba katika kuwapa wahitaji, tzedaká nzuri ni ile ambayo mtoaji hamjui mpokeaji, na mpokeaji hamjui mtoaji? Wewe mwenyewe ndiye uliyesoma kwa sauti, Uriel," na wengine wanacheka, kidogo, hawana ubaya, Uriel naye hana ubaya, hilo ndilo linaloniumiza, amezunguka mvuani kuomba michango kuliko sisi sote, "Hayo ya zamani, Meli, siku hizi bila picha hupati hata peso, na mwakani watakula nini hao?" hao, hao, hata Damián anasema hao, Damián aliyetufundisha mwezi wetu wa kwanza kikundini kwamba tzedaká siyo hisani, ni haki ya mtu, mimi nikaandika na kupigia mstari, na sasa anasema, "Haya, wanaokubali wainue mikono," na mikono inainuka, wa Brenda polepole, wa Uriel tayari uko juu, na Alhamisi nitakuwa nyuma ya meza ya kugawia nimevaa fulana ya kikundi, baba atafika na koti lake, ataniona, atageuka arudi mikono mitupu au atasimama atabasamu kwenye simu ya Uriel kwa ajili ya mchele, na sijui lipi baya zaidi... naweza kusema naumwa Alhamisi, naweza kumwambia baba asiende, halafu tule nini, "Meli, inua basi," ananong'ona Uriel, "wewe huwajui watu hao, hawajali, wanashukuru tu," huwajui, anasema, mimi, niliyekula mchele huo jana na leo, hii siyo siri ya baba peke yake, mama, mimi pia nimekula, tumbo langu ni langu na mdomo wangu ni wangu, "Nawajua," nasema, na sauti safari hii ni nzito, sijui imetoka wapi, "Tunachokula kwetu kinatoka kwenye masanduku hayo. Kama unataka uso, Uriel, toa simu, nipige mimi, hapa hapa," na hakuna anayecheka, mikono bado iko juu, hakuna anayekumbuka kuishusha, naisubiri aibu, naisubiri inipande shingoni kama kila Alhamisi, haiji, ninachosikia ni hasira tu, safi, ya moto, na Uriel ananitazama, simu iko mezani mbele yake, nami sishushi macho.