Fulu wa Buluu Aliyerudi Tangini

Jumatatu asubuhi Joash alimzika fulu wa buluu, samaki mdogo wa ziwani, kwa mikono yake mwenyewe, chini ya mgomba nyuma ya nyumba waliyopanga mjini Migori, kisha akaenda Kehancha kufunga sola. Aliporudi Alhamisi, fulu wa buluu alikuwa akiogelea ndani ya tangi la kioo sebuleni, mkia mwekundu, maringo yaleyale.

Aliketi bila kuvua viatu. Samaki aliowatoa kisiwani Takawiri walikuwa wawili: huyo wa buluu, na mwingine wa kijivu, mnyonge, ambaye alishinda amejibanza nyuma ya jiwe. Sasa wa kijivu hayupo. Yupo aliyekufa.

Akaenda mgombani, akafukua kwa kijiti. Kichwa na miiba vilikuwepo.

“Nani ameingia hapa?” akamuuliza mkewe, Lynnet.

“Hakuna.”

Migori fulu hai hawauzwi. Mtu ambaye angeweza kuleta mwingine, Joash alimjua: Cliff, mvuvi wa Takawiri, aliyewahi kumchumbia Lynnet. Lynnet akamweleza kwamba tangu Jumanne alimwona wa kijivu akipata rangi, akadhani ni mwanga wa dirishani. Joash akacheka vibaya. Akatuma picha kwa wavuvi anaowafahamu. Mmoja akasema ni dume la aina fulani, mwingine akataja aina nyingine, ila wote wakakubaliana kwamba wa kijivu hageuki buluu. Wao fulu huwaona wavuni, au wamekauka juani, wote rangi moja. Hakuna aliyewahi kumtazama mmoja wiki nzima. Joash hakuliwaza hilo. Alilibeba jibu lao kama hukumu, akamtajia mkewe jina la Cliff.

Ijumaa Lynnet akachukua begi, akaenda kwao Homa Bay.

Jumamosi Mwikwabe, Mkuria anayewaletea maziwa, alichungulia tangini. Yeye hali samaki, lakini aliuliza kama palikuwa na mwingine mkubwa zaidi. Joash akajibu kwamba huyo alikufa.

“Basi. Kwetu fahali mkubwa akichinjwa, yule aliyekuwa anakula mwisho anaanza kuunguruma wiki hiyohiyo, hata ngozi inang’aa. Huyu wako alikuwa anaogopa tu.”

“Hao ni ng’ombe, bwana.”

“Na huyu ni dume.”

Joash akainama. Pezi la mgongoni la samaki lilikuwa na pengo. Alikumbuka siku ya kwanza, wa buluu akimng’ata wa kijivu palepale mpaka kipande kikang’oka. Akabaki ameinama, pumzi yake ikiweka ukungu kwenye kioo.

Alasiri alikuwa Homa Bay, amesimama langoni kwa heshima ya mama mkwe. Lynnet akatoka na beseni la nguo. Joash akamweleza yote: fahali, rangi, pengo la pezi. Alieleza vizuri, akijua anasema kweli, akingoja uso wa mkewe ulegee.

“Kwa hivyo umekuja kwa sababu samaki ameniondolea kosa,” Lynnet akasema.

“Si ndiyo nakuambia ni yuleyule?”

“Mimi nilikuambia Alhamisi. Nenda, Jo. Siku utakayoniamini bila pezi, utanipigia.”

Akaanza kuanika nguo. Joash alibaki hapo hadi beseni likawa tupu, akijaribu kupata neno alilokosea katika maelezo yake, na hakulipata.