Mfuko Juu ya Ghala la Tumbaku

Miaka mitatu iliyopita nilimwona bundi mweupe juu ya ghala langu la tumbaku. Bundi hao makwao ni kaskazini kabisa, kwenye barafu. Huku kwetu Kentucky hufika mara moja moja. Nikaandika ripoti kwa chama cha watazamaji ndege, na macho yake ya njano nikayataja.

Mwenyekiti wetu, Verlon Stamper, aliisoma mbele ya wanachama wote, akavua miwani taratibu.

"Bi Opal," akasema, "huo ulikuwa mfuko wa plastiki."

Watu walicheka hadi machozi. Sikuwa na picha wala shahidi wa pili, na kanuni inataka kimojawapo. Kanuni aliitunga yeye. Iliniuma, sifichi. Mpaka leo nikienda dukani kuna mtu lazima aniulize kama nahitaji mfuko.

Januari hii, Jumanne asubuhi, Verlon alinigongea mlango akihema. Alikuwa akipita barabarani.

"Toka uone! Yuko juu ya ghala lako!"

"Nani?"

"Bundi mweupe! Simu yangu imezimika kwa baridi, siwezi kupiga picha. Fanya haraka, mama."

Kila ndege wa jimbo hili Verlon ameshamwona, isipokuwa huyo mmoja. Miaka arobaini anamtafuta. Mimi nikamalizia kwanza mkate wangu wa mahindi, nikavaa viatu, nikafunga kamba zote mbili.

Alikuwepo kweli. Aligeuza kichwa akatutazama, na nilifurahi kama mtoto. Verlon alikuwa analia. Kisha ndege akapiga mabawa, akavuka shamba, akapotea.

"Umemwona?"

"Nimeona."

Akatoa fomu mfukoni. Alikuwa ameshaijaza, imebaki nafasi ya shahidi tu. "Andika ulichokiona, halafu utie sahihi. Utakuwa umenisaidia sana."

Nilimpa nafasi. Nikamwuliza kama kuna jambo angependa kuniambia kabla sijaandika. Akafikiri, akasema niandike kwa herufi kubwa.

Nikaandika: MFUKO WA PLASTIKI, MWEUPE, MKUBWA. Nikatia sahihi na tarehe.

Aliisoma mara mbili.

"Bi Opal, mfuko gani una macho?"

"Angalia ripoti yangu," nikamwambia. "Macho ya njano yamo humo tangu miaka mitatu iliyopita."