BASIC, COBOL na Orodha ya Sericho

“Hiyo lugha yako ni ya watoto,” Gedi aliniambia, huku akipuliza vumbi kwenye disketi. “Mtu anaanza kuandika hata hajafikiria.”

“Na yako ni ya wazee,” nikamjibu. “Mtu anafikiria mpaka anazeeka.”

Ndivyo tulivyoamkiana kila asubuhi mwaka wa themanini na tano, baada ya ule ukame mkubwa, katika ofisi ya mradi wa chakula mjini Isiolo. Waandishi wa programu tulikuwa wawili, kompyuta moja. Gedi, mjukuu wa askari wa Kisomali aliyeletwa na Waingereza, alisomea lugha ya kompyuta ya COBOL Nairobi. Mimi Yattani, mtoto wa kijiji cha Sericho, nilijifunza lugha nyingine, BASIC, kwa kitabu kisicho na jalada, nikaipenda bila aibu.

COBOL ilinichosha roho, wallahi. Ni kama mgeni anayefika bomani na kiu, lakini kabla ya kuomba maji anauliza hali ya mbuzi, ya ngamia, ya mvua, ya majirani. Lazima kwanza ueleze programu inaitwa nani, mashine ni gani, kila jina lina nafasi ya herufi ngapi. Kisha unangoja itafsiriwe yote kwa lugha ya mashine, dakika kumi na mbili, ukibadilisha disketi, halafu inakuambia umesahau nukta. Nukta! BASIC unaandika mstari, unabonyeza, inajibu. Ukikosea unarekebisha hapo hapo, chai ikiwa bado moto.

Siku hizi vijana wa kompyuta wanabishana vilevile kuhusu lugha ambazo mimi nazisikia tu majina. Wakiniuliza, nasema bado naipenda BASIC. Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Hadithi ya Sericho siwaambii.

Ilikuwa Alhamisi. Mkubwa wetu, Bi Awo, alituletea orodha ya familia za Sericho, mistari mia nne na kumi na mbili, kwa mkono wa makarani watatu. Lori lingeondoka Jumamosi. Asiyekuwa kwenye orodha yetu asingepewa mahindi, na lori lingine lilikuwa baada ya mwezi mzima.

“Kuna familia zimeandikwa mara mbili,” Bi Awo alisema. “Zitoeni.”

Gedi alichukua rula na karatasi, akaanza kuchora safu zake. Nilimcheka. Mimi nilikaa kwenye mashine nikaandika kanuni moja fupi: jina la mwenye boma likijirudia, toa mstari. Kufikia alasiri nilikuwa nimemaliza. Zilibaki familia mia tatu sabini na moja.

“Hao arobaini na mmoja uliowatoa ni akina nani?” Gedi aliuliza. “Wachapishe tuwaone.”

“Karatasi itaisha, bwana. Sema tu una wivu.”

Alinitazama, akacheka kidogo, akatia safu zake kwenye droo. Bi Awo alinisifu mbele ya ofisi nzima. Jioni nilipita sokoni kifua mbele, kana kwamba mahindi yenyewe nimeyalima mimi.

Baada ya siku nane Nanok, dereva wa lori, alirudi. Alisimama mlangoni akiikunjakunja kofia yake.

“Kuna akina mama walirudi nyumbani mikono mitupu,” alisema. “Majina yao hayakuwa kwenye orodha. Mmoja alisema yeye ni mama yako.”

“Alisema nini?” nikamuuliza.

“Hakulalamika. Aliniuliza tu kama unakula vizuri.”

Mama yangu, Qabale, ni mke wa pili wa baba yangu, Halkano. Ana nyumba yake, moto wake, mbuzi wake. Humo ndimo nilimozaliwa, humo nikanyweshwa maziwa. Na mimi huyo huyo nikaiambia mashine kwamba mume akishatajwa mara moja, mke mwingine hayupo. Makarani walimwandika sawasawa, mashine haikukosea. Niliona aibu ambayo mpaka leo hainiishi.

Nilimwambia Gedi yote. Nilidhani atanisimanga hadi jioni. Badala yake alifungua droo, akatoa ile karatasi. Safu ya jina ilikuwa moja tu: mwenye boma.

“Hata mimi ningewatoa,” alisema. “COBOL ingewatoa polepole, basi.”

Tulikaa kiti kwa kiti siku tatu, tukaipitia orodha upya, mara hii tukianza na jina la mama mwenye nyumba. Watatu tu ndio waliokuwa wameandikwa mara mbili kweli. Tulizozana kila mstari, lakini kila kilichotoka tulikichapisha. Bi Awo alinigombeza, kisha akatafuta lori la mahindi. Nilipanda na Nanok, majina thelathini na nane mfukoni, nimeyaandika kwa mkono wangu.

Mama alinipokea kwa furaha. Kabla sijaketi nilimwomba msamaha.

“Kwani si mashine ndiyo ilinisahau?” aliuliza.

“Hapana, mama. Ni mimi.”

Alinimiminia chai.

“Dokata alinigawia nusu yake,” alisema, akimtaja mke mkubwa. “Siku ile ile. Alikuja na debe kichwani, akaniuliza amimine wapi.”