Mfalme wa Chumba cha Kuanikia

Bogumił alipovishwa taji la Mrokowo hakuulizia hali ya raia wake. Alikwenda kuleta kiti. Sisi wengine tumekalia kreti za bia na ndoo zilizopinduliwa, yeye akashuka na kiti chenye mikono kutoka sebuleni kwake ghorofa ya nne, akakiweka mbele ya meza na kukaa kama mtu aliyezaliwa nacho.

Mrokowo haipo. Ni mji tunaousimulia wenyewe kila Jumapili, chini ya jengo letu hapa mjini Bytom, katika chumba cha kuanikia nguo. Siku nyingine kila nyumba ina zamu yake ya kamba, lakini Jumapili, siku ya ibada, hakuna mwanamke wa jengo hili atakayethubutu kuanika hata soksi. Majirani watamsema mpaka Pasaka. Kwa hiyo siku hiyo chumba ni chetu. Mimi ndiye mwongoza mchezo: nasimulia dunia, maadui, mvua na wenye maduka. Kila mchezaji ana mtu wake mmoja, anasema mtu huyo anafanya nini, na dadu zinaamua kama amefaulu. Żaneta, anayeshona mapazia kiwandani, ni mwizi wa kupanda kuta. Witek, fundi wa tramu za reli za mjini, ni mpiga mishale mlafi. Bogumił alikuwa askari wa kukodiwa, hodari wa kujificha nyuma ya Witek.

Nje ya mchezo Bogumił ni mjumbe wa kamati ya wapangaji, na ufunguo wa chumba unakaa mfukoni mwake. Ndiyo maana mfalme mzee wa Mrokowo alipokufa bila mtoto na raia wakamtafuta wa kumrithi, Żaneta alitazama dadu, Witek akatazama biskuti, na Bogumił akasema, "Basi, kama hamna budi." Hakuna aliyekuwa amesema lolote. Tulijua tukikosa chumba kile mchezo umekufa, maana hatuna pengine.

Tangu siku hiyo hakuinuka.

"Kuna jitu limeziba daraja," nikasema. "Mnafanya nini?"

"Mwizi atakwenda," akasema Bogumił. "Na mpiga mishale."

"Na wewe je?" Żaneta akauliza.

"Mfalme haendi darajani, mama. Mfalme anatuma."

Wakaenda. Witek alikaribia kufa mara mbili. Waliporudi na sanduku la fedha za jitu, Bogumił alinyoosha mkono kabla sijamaliza kusimulia walivyoingia mlangoni.

"Hazina ya taifa," akasema.

"Taifa lilikuwa wapi tulipokuwa tunang'atwa?" Witek akauliza.

"Lilikuwa linafikiri."

Jumapili iliyofuata tulikuta ameandika sheria kumi na mbili, amezibana kwenye kamba na vibanio vya nguo. Ya kwanza ilisema anayeongea na mfalme asimame. Żaneta alisoma akiwa bado na koti.

"Jagna," akaniambia, "mimi wiki nzima naamriwa na msimamizi mwenye pua nyekundu. Nije huku niamriwe tena, tena bure?"

"Vumilia kidogo, shoga."

"Mpaka lini?"

 Kumvua mchezaji kitu kwa mkono wako ni uongozaji mbovu. Mtu akitaka kutawala, mpe utawala, mpe wote, na takataka zake. Kwa hiyo nikamwambia Bogumił kwamba leo ni siku ya baraza na raia wako mlangoni. Na kwa kuwa Żaneta na Witek hawakuwa na safari, nikawapa wao wawe raia.

Witek akajifunga taulo kichwani, akawa bibi kizee. "Mheshimiwa, bata bukini wa jirani wamekula kabichi zangu zote."

"Wapigwe viboko."

"Bukini au jirani?"

"Wote. Anayefuata!"

Akaja Żaneta, sasa mwoka mikate. "Mheshimiwa, unga umekwisha. Ghala lako limejaa."

"Ghala ni la jeshi."

"Jeshi gani, bwana mkubwa? Hujaandikisha hata mtu mmoja."

"Ndiyo maana limejaa," Bogumił akasema, akacheka peke yake. Kisha akapandisha kodi ya mkate na kukata mshahara wa walinzi. Nilimuuliza kama ana hakika. Nilimwambia raia wana njaa, wanakusanyika, sauti zao zinasikika kupitia madirisha. Mchezaji mwenye macho angeelewa. Yeye aliniuliza kama kasri lina bwawa la kuogelea.

Nikaendelea kusimulia taratibu. Wauza samaki wamefunga maduka. Mtu amerusha jiwe. Sasa uwanja umejaa mienge, na lango la kasri linatikisika.

Hapo ndipo alipoketi vizuri.

"Walinzi!"

"Ulikata mshahara wao wakati wa baraza," nikasema. "Wamekwenda uwanjani na wenzao."

Akageuka kwa Żaneta na Witek. "Mwizi na mpiga mishale, nyinyi mko ndani na mimi. Lilindeni lango."

"Hilo wataamua wenyewe," nikasema.

Bogumił akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka mezani katikati ya dadu. Aliuweka polepole ili tuone vizuri.

"Waamue tu," akasema. "Lakini na mimi naamua kuhusu chumba. Nikivuliwa taji, kuanzia leo Jumapili hapa patakuwa pamefungwa. Nitasema kuna unyevu."

Nimeona watu wengi wenye roho ndogo, lakini mtu wa miaka hamsini na mbili kutishia kufunga chumba cha chupi mbichi ili abaki mfalme wa mji usiokuwepo, huyo sijamwona mwingine. Witek alikuwa mwekundu mpaka masikioni.  Na mimi nilikuwa na njia: ningesema mvua imenyesha, raia wamerudi nyumbani, mfalme amepona. Alikuwa ananitazama akingojea nifanye hivyo.

"Mwizi, uko karibu na komeo," nikamwambia Żaneta. "Unafanya nini?"

Żaneta aliutazama ufunguo kwa muda mrefu. Kisha akaanza kuvaa koti lake.

"Nafungua lango," akasema.

"Komeo ni zito. Utahitaji dadu."

"Haina haja," Witek akasema. "Namsaidia."

Bogumił alizima taa, akafunga chumba, na alipokuwa akizungusha ufunguo alijisemea kuhusu watu wasio na shukrani. Sisi hatukwenda mbali. Tulikaa kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, mahali ambapo taa huzimika yenyewe kila baada ya muda na Witek akawa anainuka kuipiga swichi. Baridi ilikuwa inaingia chini ya mlango wa jengo. Dadu tulizirusha kwenye kofia ya Żaneta.

Hatua za Bogumił zikapanda. Akafika tulipo, akasimama.

"Halafu?" akauliza. "Nani ameshika mji?"

Żaneta alisogeza magoti. "Pita, mzee. Ngazi ni ya wote."

Akapita. Lakini alipanda kwa uvivu wa makusudi. Kwenye kila kipande cha ngazi alisimama, akijifanya anatafuta pumzi, huku kichwa amekiinamisha upande wetu.

Nikapunguza sauti.