Boneti ya Mama Mkwe

Karani wa posta alikuwa na miaka mitatu ya ndoa, na katika miaka yote hiyo maneno aliyoongea na mama mkwe wake yangeenea kwenye kiganja. Shikamoo, marahaba, habari za kazi, nzuri, basi. Si kwamba walichukiana. Walistahiana kupita kiasi. Akiingia huyu sebuleni, yule anakumbuka kuwa ana sufuria jikoni.

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani wa magauni ya maharusi. Baada ya kushona kwa miaka thelathini alijinunulia gari dogo jeusi, limetumika lakini halijachoka, akalipenda kama kitinda mimba. Shida ni kwamba aliliegesha nje ya duka lake, ukuta kwa ukuta na karakana ya mageti. Mchana kutwa cheche za grenda ziliruka na kutua juu ya rangi, zikapoa na kujishikiza hapo hapo. Gari lilioshwa, likaoshwa tena, na bado ukilipapasa unahisi ulimi wa paka.

Mama alimlalamikia bintiye, binti akamweleza mumewe, na mume akaona ndiyo nafasi ya kumfurahisha mkwe. Alikwenda duka la vipuri akanunua udongo wa kusafishia rangi ya gari, kipande cha buluu kinachofinyangika kama ule wa kuchezea watoto. Muuzaji alimwambia kuwa unapitishwa juu ya rangi, unang'oa vichembe vilivyoishinda sabuni. Alitaka kumweleza na namna ya kuutumia, lakini karani alikuwa ameshaaga.

Jumamosi asubuhi mama mkwe alikwenda kazini kwa miguu, akamwachia gari uani kwake. Karani alilifuta vumbi kwa kitambaa, akanyunyiza maji matone mawili matatu, akaanza na boneti. Sasa, huyu ni mtu aliyegonga mihuri kwa miaka minane. Mkono wake ulijua kukandamiza tu. Alisugua kwa mizunguko, jua likimchoma mgongo, na kila udongo ulipokwama aliongeza nguvu. Ulimponyoka ukaanguka mchangani. Akaupangusa kwenye suruali na kuendelea.

Alipomaliza, boneti ilikuwa laini kweli. Ila ilikuwa imepauka, imejaa mikwaruzo myembamba ya duara, kama imesuguliwa kwa waya wa kuoshea sufuria. Karani alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliligeuza gari, akaliegesha pua imeelekea ukutani, karibu kabisa, kisha akaenda zake bila kusubiri hata chai.

Wiki ile hakula vizuri. Mkewe alipomwuliza kulikoni, alisingizia tumbo. Jumatano uzalendo ukamshinda, akaenda kwa fundi rangi mmoja mfupi, ambaye watu walimwita Kioo kwa jinsi kazi zake zilivyong'aa. Kioo alimsikiliza, akamwuliza kama aliliosha gari kwanza, na kama aliilowesha rangi vya kutosha. Karani akatikisa kichwa mara mbili. Kioo akacheka mpaka akakalia ndoo.

Baada ya kicheko akamsogeza kwenye mlango wa gari lililokuwa kivulini, akamwonyesha. Gari huoshwa kwanza, mchanga wote utoke. Udongo unakatwa kipande kidogo, unabonyezwa uwe bapa kama biskuti, na rangi inapuliziwa maji ya sabuni mpaka udongo uteleze wenyewe. Unapeleka na kurudisha kwa mistari mifupi iliyonyooka, kwa ncha za vidole. Upande ukichafuka, unaukunja ndani na kutumia upande safi. Ukianguka chini, hata mara moja, unautupa.

"Huu haufanyi kazi kwa nguvu," Kioo alisema. "Ukiona jasho linakutoka, jua unaharibu."

Kuhusu boneti, alimtuliza kwamba mikwaruzo ya namna ile huwa juu juu tu, polishi na uvumilivu vingeiondoa.

Jumamosi iliyofuata karani alifika na ndoo mbili, chupa ya kupulizia, udongo mpya na kopo la polishi. Mama mkwe hakwenda dukani siku hiyo. Alikuwa kibarazani anashona pindo la gauni. Karani alimwamkia, akasimama, akahamisha ndoo kutoka mkono huu kwenda mwingine.

"Mama, boneti niliiharibu mimi."

Mama mkwe alikata uzi kwa meno. "Najua, mwanangu. Nililitoa gari Jumapili. Nikasema Jumatatu utakuja kuniambia."

"Nilikuwa naogopa."

"Na mimi nilikuwa naogopa kukuuliza."

Wakatazamana, na kicheko kikawatoka wote wawili kwa pamoja.

Waliliosha gari, wakalisogeza kivulini. Karani alianza na kona ndogo ya mlango, akakagua, akaona haina mkwaruzo. Mwanzoni udongo ulikuwa unakwaruza kwa sauti ndogo, halafu sauti ikafifia, na mkono ukawa unateleza tu. Mama mkwe alisimama pembeni akitazama, mpaka akashindwa kuvumilia, akaomba na yeye ajaribu. Vidole vile vilikuwa vimeshika hariri miaka thelathini. Havikuhitaji kufundishwa wepesi. Alivaa mfuko mwembamba wa nailoni mkononi, kama Kioo alivyomwelekeza karani, ili vidole vihisi hata kichembe kidogo, akapapasa sehemu ambayo karani alidhani ameshamaliza, akakuta bado kuna vichembe vitano. Akamwambia anaushika udongo kama mtu anayeogopa utakimbia.

Walipofika kwenye boneti na polishi, mazungumzo yalikuwa yameshashika kasi. Karani alimsimulia kuhusu kifurushi kilicholia tiki-tiki asubuhi nzima, mpaka posta nzima ikakimbilia barabarani, kumbe ni saa ya mezani mtu kamtumia bibi yake. Mama mkwe alicheka akaegemea mlango. Na yeye akamsimulia kuhusu bwana harusi aliyezirai akipimwa kiuno. Polishi ilifuta mikwaruzo yote isipokuwa mmoja, pembeni karibu na taa, na mama mkwe alisema huo wauache, mkono usije ukazidi.

Binti alifika kwa mama yake akitokea sokoni, akawakuta wameinamia gari, mikono imelowa hadi viwiko. Akauliza wamepika nini. Hakuna aliyekuwa amekumbuka hata kuinjika maji.

Mama mkwe akajifuta mikono, akawaambia waingie garini, wakale nje. Yeye akaendesha, karani akakaa mbele, na binti akakaa nyuma na kapu lake mapajani, akiwasikiliza wanavyokatizana, asipate nafasi ya kuchomeka neno.