Kicheko cha Chini ya Maji

Msusi alibakiza jaribio moja tu apate cheti cha kupiga mbizi: kuingiza maji kwenye miwani akiwa chini baharini, kisha kuyatoa kwa kupuliza pua. Bwawani alikuwa ameshindwa mara mbili, akaibuka anakohoa kama pikipiki mbovu.

"Wifi, leo mimi narudi na cheti, wewe unarudi na mafua," mke wa kaka yake alimchokoza, wakivalishana mitungi ya hewa.

"Nyoo! Subiri bomba la hewa likuzibe huo mdomo."

Wakashuka na mwalimu, wakapiga magoti mchangani uso kwa uso. Mwalimu akainua mkono ili ampe ishara ya kuanza. Msusi akamtazama wifi yake: bomba limemvimbisha midomo kama samaki aliyemnunia mumewe, na mafungu ya rasta yamesimama wima yakicheza ngoma yao wenyewe.

Kicheko kikamponyoka. Mashavu yakapanda, miwani ikaachia uso, maji yakajaa. Akapuliza pua, yakatoka, akaziona tena zile rasta. Akacheka, yakajaa, akapuliza. Mbavu hana!

Walipoibuka, akatema bomba. "Haya mwalimu, turudi. Sasa niko tayari kwa jaribio."

"Jaribio lipi, dada? Umelifanya mpaka nimechoka kutazama. Umepita!"

Msusi akapiga kigelegele, akameza funda la maji ya chumvi, akakohoa, kisha akakiendeleza pale pale alipokiachia.